Figo Kwanza, Ndipo Pafu

Tangu maradhi ya korona yalipoitikisa dunia, si nadra kumsikia mtu, yakizungumzwa mambo ya hospitali zetu kubwa za rufaa, akiuliza kwa nini hatuna, au kwa nini tunayo kwa uchache mno, ile mitambo inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili wa mgonjwa, ambayo matabibu wa dunia nzima huiita kwa ufupisho wa ECMO. Swali ni la haki, wala mimi si katika wale wanaolibeza kwa kusema kwamba mambo hayo ni anasa za mataifa tajiri. Ila naona kuwa limeulizwa nusu. Mgonjwa anayelazwa chini ya mtambo huo hafiki akiwa na mapafu mabovu tu na viungo vingine vyote vizima: aghalabu amekwisha kupoteza figo zake njiani, au atazipoteza katika siku chache za mwanzo, kwani zaidi ya nusu ya watu wazima wanaowekewa mtambo huo huingiwa na madhara ya figo, na wengi miongoni mwao huhitaji kusafishwa damu pale pale kitandani. Basi mwenye kutaka pafu la mtambo ametaka, ajue asijue, na figo la mtambo. Na rai yangu ni kwamba nchi yenye tadbiri ingeanza na hilo la pili.

Tuutazame mtambo wenyewe kwa karibu. Mrija mnene, wenye upana unaokaribia sentimita moja, hupenyezwa katika mshipa mkubwa wa paja au wa shingo mpaka jirani na moyo, na damu iliyofifia rangi huvutwa na pampu kwa kiasi cha lita nne au tano kila dakika, ambacho ni takriban damu yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima. Kisha husukumwa katika chombo chenye maelfu ya nyuzi zilizo wazi ndani, hewa ya oksijeni ikipita ndani ya nyuzi na damu nje yake, ikatoka upande wa pili imekuwa nyekundu ya kung'aa, na kurudishwa katika vena ikiwa ni mapafu peke yake yaliyoshindwa, au katika ateri ikiwa na moyo nao umeshindwa. Mtambo huu hauponyi chochote. Humpa mgonjwa muhula, na katika muhula huo ama dawa na maumbile hufanya kazi yao, ama hayafanyi.

Una tabia moja ambayo haiandikwi katika hati za zabuni. Damu ikipungua mshipani, kuta za mshipa hujikunja na kuuziba mdomo wa mrija unaovuta, na mrija huanza kutikisika kitandani, ukipigapiga shuka, na mtiririko wa damu hushuka mbele ya macho ya muuguzi. Dawa iliyo karibu ni kumwongeza mgonjwa maji ya mshipani. Mrija hutulia, mtiririko hurudi, na waliomo chumbani hushusha pumzi. Baada ya saa mbili mrija hutikisika tena, na maji huongezwa tena. Kufika siku ya tatu mgonjwa amevimba kope, mikono na miguu, ukimbonyeza muundi kwa kidole shimo hubaki, na mfuko wa mpira wa mkojo uliotundikwa ubavuni mwa kitanda una vijiko viwili vitatu tu vya mkojo mzito uliopiga weusi. Na maji yale yale yaliyoutuliza mrija yamekwisha kupenya katika mapafu ambayo sisi tulikuwa tukiyapumzisha ili yapone. Hapo ndipo inapoitwa mashine ya pili, ile ya kuchuja damu, ije iyatoe. Ikiyatoa kwa pupa, mrija wa kwanza hutikisika.

Huo ndio mwiba wa jambo lote: mitambo miwili imefungwa katika damu moja, mmoja ukitaka mgonjwa awe amejaa na wa pili ukiwa na kazi ya kumpunguza, mfano wa jahazi linalotaka maji mengi chini yake lisije likapanda mwamba, huku mabaharia wakikumba maji ya ngama usiku kucha lisizamishwe na yaliyomo ndani. Hukumu baina ya haja hizo mbili haimo katika mtambo wowote uliokwisha kuuzwa. Imo kwa mtu aliyesimama pale, ambaye kila saa huandika kilichoingia na kilichotoka, hutazama mrija, hupapasa miguu, na huamua kama katika saa inayokuja atoe mililita mia, au mia mbili, au asitoe kitu.

Na ajabu ni kwamba pafu la mtambo lilizaliwa na figo la mtambo. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, nchi ya Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, tabibu kijana aitwaye Willem Kolff, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ndogo ya mji wa Kampen, alitengeneza, kwa msaada wa Bwana Berk aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha vyombo vya enameli, pipa la kuzunguka lililoviringishiwa mrija mrefu wa selofani, wa aina iliyokuwa ikitumiwa na watengenezaji wa soseji. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya mrija huo, pipa likazunguka huku upande wake wa chini umezama katika beseni la maji yenye chumvi, na taka za damu zikapenya utando na kubaki majini. Alianza kuwatibia watu mwaka 1943, na karibu wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha, mwanamke wa miaka 67 aliyeletwa hajitambui alizinduka akasema, na huyo ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuokolewa kwa njia hiyo. Alikuwa mfungwa, aliyetuhumiwa kushirikiana na adui aliyeikalia nchi, walakini alitibiwa kama walivyotibiwa wengine. Na neno hili napenda msomaji aliweke akilini, kwa kuwa nitalihitaji mbele.

Katika kazi ile Kolff aliona jambo jingine ambalo hakulitafuta: damu iliyoingia katika selofani ikiwa nyeusi ilitoka ikiwa nyekundu. Utando uliopitisha taka kwenda nje ulikuwa ukipitisha hewa kuja ndani. Alipohamia Marekani mwaka 1950 alilifuatia wazo hilo mjini Cleveland, na wengine wakalichukua kwake. Uzito wake hauonekani mpaka tukumbuke mashine ya John Gibbon, ambayo tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, ilishika kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa muda wa dakika 26 huku tundu la moyo wake likizibwa: mashine ile ilikutanisha damu na hewa ana kwa ana, bila pazia, na damu isiyo na pazia huchafuka na kuharibika kwa saa chache. Ni utando ndio uliogeuza saa kuwa siku. Mwaka 1971, katika mji wa Santa Barbara, Daktari Donald Hill na wenzake walimweka kijana wa miaka 24 aliyejeruhiwa vibaya katika ajali juu ya pafu la utando kwa saa 75, naye akapona. Na mwaka 1975, huko huko California, Robert Bartlett alimwokoa kwa njia hiyo mtoto mchanga.

Figo nalo halikukaa lilipokuwa. Mashine ya kawaida ya kusafisha damu hufanya kwa saa nne kazi ambayo figo huifanya kwa siku mbili tatu, na mgonjwa mahututi, ambaye shinikizo la damu yake limesimama kwa dawa tu, hawezi kustahimili harara hiyo. Mwaka 1977 katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Peter Kramer alikuwa akiitafuta vena ya paja la mgonjwa, sindano ikaingia katika ateri kwa bahati mbaya. Na yeye, badala ya kuuchomoa mrija na kuomba radhi kama ambavyo wengi wetu tungefanya, akatambua kwamba nguvu ya moyo wa mgonjwa mwenyewe yatosha kuisukuma damu katika kichujio pasipo pampu, polepole, mchana na usiku. Uchujaji wa mfululizo tunaoujua leo umerudia pampu na kuiacha ateri, lakini upole wake ni ule ule, na ni upole huo unaoufanya ufae kukaa kitanda kimoja na ECMO.

Jinsi ya kuwaunganisha wawili hawa ni somo ambalo mafundi hulibishania kwa hamasa, na vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani hutofautiana desturi. Njia rahisi kuliko zote ni kuchomeka kichujio kidogo katika mzunguko wa ECMO wenyewe, pampu ile ile ikakisukumia damu, na maji yanayoingia na kutoka yakapimwa kwa pampu za dripu. Gharama yake ni ndogo, nayo huvutia kila waziri wa fedha. Lakini tufanye hesabu: mtu wa kilo 70, akichujwa kwa kipimo cha mililita 25 kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, hupitiwa na lita 42 za maji ya uchujaji kwa siku, na pampu zikikosea kwa sehemu 5 tu katika kila 100, ametolewa au ameongezwa lita mbili na ushei bila mtu yeyote kukusudia. Ndiyo maana wengi hupendelea kuleta mashine kamili ya uchujaji, yenye mizani yake, na kuifunga katika mirija ya ECMO. Na hapo huzuka taabu nyingine, kwa sababu mashine hiyo imeundwa kutarajia shinikizo la mshipa wa binadamu, ilhali mirija ile haina shinikizo la namna hiyo popote. Ukiifunga kabla ya pampu unaifunga mahali panapovuta, na kiungo kikilegea hewa hunyonywa kwenda kwa mgonjwa. Ukiifunga baada ya pampu unakutana na msukumo mkubwa, mashine hulia kengele na kusimama, na damu iliyosimama huganda. Mafundi wazoefu huhakikisha kwamba damu inayorudi kutoka katika kichujio inaingia kabla ya lile pafu la nyuzi, ili povu au donge likitokea linaswe humo lisifike mwilini. Wengine huepuka yote hayo kwa kuipa mashine ya figo mshipa wake wa peke yake, na gharama ya njia hiyo ni tundu jingine katika mwili wa mtu ambaye damu yake imezuiwa kuganda kwa heparini, na kila tundu kwake ni mlango wa kuvuja.

Mimi si mwenye kuamua ni ipi bora, na nashuku kwamba bora ni ile ambayo wauguzi wa mahali hapo wameifanya mara nyingi mpaka mikono yao haihitaji kuulizwa.

Je, haya yote huokoa watu? Mwaka 1979 yalitangazwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 90, na katika makundi yote mawili, waliowekewa mtambo na wasiowekewa, kiasi cha tisa katika kila kumi walikufa. Kwa watu wazima jambo hilo nusura lizikwe kabisa. Lilifufuliwa na jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2009, ambalo liligawa wagonjwa 180, nusu wakatibiwa katika hospitali walizokuwamo na nusu wakaamriwa kupelekwa katika kituo cha Glenfield, Leicester: baada ya miezi sita, 63 katika kila 100 wa kundi la Leicester walikuwa hai bila ulemavu mkubwa, na 47 katika kila 100 wa kundi la pili. Wapenzi wa mitambo huishia hapo. Mwenye insafu huendelea kusoma, akakuta kwamba robo ya wale walioamriwa kupelekwa Leicester hawakuwekewa mtambo kamwe, na wengi wao waliofika huko walipona kwa matunzo ya kawaida yaliyofanywa na watu wanaoijua kazi yao. Kwa hiyo sehemu fulani ya faida ile ni ya kituo, haikuwa ya chombo. Jaribio jingine kubwa, la mwaka 2018, lenye wagonjwa 249, lilikuta vifo 35 katika 100 kwa waliowekewa na 46 kwa wengine, tofauti inayovutia, ila wana hesabu hawakuweza kuapa kwamba haikuwa bahati.

Na kwa upande wa figo, mwaka 2020 lilitolewa jaribio la zaidi ya wagonjwa mahututi 2,900 katika nchi 15, lililouliza kama kuanza kusafisha damu mapema kuna heri kuliko kusubiri mpaka haja iwe dhahiri. Walikufa sawasawa, karibu 44 katika kila 100 pande zote mbili, na katika walionusurika, wale walioanzishiwa mapema ndio waliobaki kwa wingi zaidi wakitegemea mashine baada ya siku 90. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia ikisemwa kwamba, mtambo wa moyo na mapafu ukishawashwa, wa figo uwashwe papo hapo kwa tahadhari. La hasha. Sababu ya kuuwasha ni maji yaliyomzidi mgonjwa, au sumu na chumvi zilizopanda katika damu yake, na ili kuijua sababu hiyo sharti mtu awe amepima, saa baada ya saa, akaandika.

Turudi kwetu sasa. Mashine za kusafisha damu tunazo, nazo zimeongezeka kwa namna ya kupigiwa makofi katika miaka hii. Lakini nyingi zimewekwa kwa ajili ya wenye maradhi ya figo ya kudumu, ambao huja mchana, hukaa saa nne, hurudi makwao, mara tatu kwa juma kama waandikiavyo matabibu au mara mbili kama ziruhusuvyo nauli. Mama aliyetokwa damu nyingi katika uzazi, mtoto aliyepatwa na malaria kali, kijana aliyeumwa na nyoka au kuharishwa na kipindupindu, hawa figo zao hufunga ghafla, na wakivushwa kwa siku chache aghalabu hufunguka tena, wakaishi bila ya mashine yoyote. Mwaka 2013 jumuiya ya kimataifa ya matabibu wa figo ilijiwekea nia kwamba ifikapo 2025 asiwepo mtu anayekufa kwa kukosa matibabu ya figo zilizofunga ghafla kwa sababu zinazozuilika. Mwaka huo ulifika, na kazi ingaliko. Tena si kila mara huhitajika mtambo wa thamani: huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, matabibu wamekwisha kuwatibia wagonjwa wa namna hiyo kwa kuingiza maji maalumu tumboni na kuyatoa, utando wa tumbo wenyewe ukifanya kazi ya kichujio, bila umeme na bila pampu.

Nisidhaniwe kuwa nasema tukae hapo. Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na katika hospitali kadhaa za Kenya, mioyo hufunguliwa na kushonwa huku mashine ya moyo na mapafu ikifanya kazi, maana yake mafundi wa kuiendesha pampu ile tunao, na hao ndio wangekuwa walimu wa kwanza wa ECMO siku itakapofika. Ila chumba cha upasuaji ni saa chache, na ECMO ni majuma. Kinachopungua ni watu wa kuishika zamu kati ya saa nane na saa kumi na mbili ya usiku wa siku ya kumi na moja. Wakenya wanayo kumbukumbu iliyo karibu: mkataba wa kukodi vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, ulioanza mwaka 2015 na ambao mashine za figo zilikuwa sehemu yake, ulichunguzwa na Seneti mwaka 2020, ikaonekana kwamba baadhi ya vifaa vimekaa kimya kwa kukosa wataalamu, au umeme, au maji, huku malipo yakiendelea.

Hospitali inayoweza kuchuja damu ya mgonjwa mahututi usiku na mchana, ikapima maji yake bila kukosea, ikajua heparini na kuganda kwa damu, ikawa na maabara inayojibu saa tisa za usiku, imekwisha kujifunza theluthi mbili za ECMO, na kila hatua ya kujifunza kwake imeokoa watu njiani. Hospitali inayoanza na ECMO haikujifunza kitu isipokuwa kufungua makasha.

Limebaki neno la nani apewe. Mwaka 1960, mjini Seattle, Belding Scribner alipata njia ya kuuacha mrija mkononi mwa mgonjwa ili asafishwe damu mara kwa mara, na kituo kilipofunguliwa mwaka 1962 nafasi zilikuwa chache kuliko wahitaji, ikaundwa kamati ya raia saba wasiojulikana majina kwa umma, wakachagua nani aishi kwa kutazama umri, ndoa, watoto, kipato, na hata mahudhurio ya kanisani. Waandishi wa magazeti walipolifichua, Wamarekani walifadhaika, na mwaka 1972 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwalipia karibu wote. Kolff hakumchagua mfungwa wake kwa adili yake. Sisi hatutakuwa na uwezo wa kuwalipia wote, kwa hiyo tutachagua, na tusipoandika jinsi ya kuchagua, uchaguzi utafanywa kwa simu ya mkubwa fulani usiku.

Basi kabla ya zabuni yoyote kutangazwa, iandikwe karatasi isemayo ni mgonjwa gani atakayewekewa mitambo hii miwili na yupi asiwekewe, kwa muda gani kabla ya kutafakari upya, ni tabibu yupi mwenye mamlaka ya kusema basi, na jamaa za mgonjwa wataelezwa nini siku ya kwanza, wakati wana akili ya kusikia, wala wasingoje siku ya ishirini. Isomwe na wauguzi kabla ya kutiwa saini. Na mpaka karatasi hiyo ipatikane, fungu hilo la fedha liende katika mipira ya kusafishia figo kwa njia ya tumbo, katika maji yake, na katika posho ya zamu ya usiku ya wauguzi wa wodi za wagonjwa mahututi, kuanzia mikoani.